Masouda Haazimwi

Kwanza tukubaliane jambo moja: Masouda binti Mabruk hakurogwa, hakulaaniwa, wala hakupandwa na shetani la gitaa. Inabidi lisemwe mapema, kwa sababu zipo nyumba kumi za Muscat na Matrah zitakazokuapia kuwa alipandwa, na tisa kati ya hizo zilikuwa na tepu yake sandukuni, chini ya kanga za Idi. Ya kumi haikuwa na mashine ya kuchezea tepu. Ilikuwa ikienda kusikiliza kwa jirani.

Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi tii, mwenye mwanya mpana wa meno na sauti iliyopita mlango uliofungwa kama haikuambiwa kuwa umefungwa. Alizaliwa shamba, Unguja, kwenye mikarafuu ya baba yake Bi Sayyida, bibi aliyekuja kumtumikia. Bibi yake alinunuliwa. Mama yake alizaliwa huru kwa karatasi, na yeye vilevile. Karatasi ni kitu kizuri sana, ina mhuri na sahihi, ila haijawahi kumwambia mtu, "Sogea, kaa kitako, ule na sisi."

Wachumaji wa karafuu huimba. Mtu yuko juu ya mti tangu alfajiri, jua linamchoma kisogo, afanye nini, atunge hotuba? Masouda alijifunza kuimba huko juu, na wimbo wake mkubwa ulikuwa huu:

*Karafuu ni za bwana, vidole ni vyangu mie,*
*Marashi avae bibi, kidonda nivae mie.*

Bi Sayyida aliusikia wimbo huo akiwa msichana, alipokwenda shamba kwa baba yake, akaupenda. Akasema una harufu nzuri. Naomba msomaji ausome tena wimbo wenyewe, pole pole, kisha aniambie harufu nzuri iko wapi. Lakini Masouda aliuimba kwa sauti ya chini, ya kubembeleza, maana ndivyo alivyoamrishwa: "Polepole, Masouda, usitupigie kelele." Na ukimbembeleza tajiri kwa sauti tamu, waweza kumwambia lolote.

Mwaka 1964, mwezi wa Januari, mambo ya Unguja yakawa yalivyokuwa. Mapinduzi yale, tuliambiwa, yalifanywa kwa ajili ya watu kama Masouda. Yeye siku hiyo alikuwa chini ya kitanda, amemlalia Hind, binti wa Bi Sayyida mwenye miaka kumi na miwili, amemziba mdomo kwa kiganja ili asilie. Miezi michache baadaye Bi Sayyida alishuka Muscat na masanduku mawili, binti mmoja, na Masouda. Waliokubaliwa kushuka siku hizo walikuwa wa kuhesabika. Bi Sayyida alikuwa na kaka yake Suud, mwenye duka Matrah, wa kumdhamini. Masouda hakuulizwa kama anataka kuja. Alikuja kama sanduku linavyokuja.

Sasa hapa pana desturi ya kuelezwa, maana bila hiyo huu ugomvi wote utaonekana wa watoto. Kwa watu wetu wa Zanzibar, harusi haina maana mpaka mtu aalikwe. Anatumwa mama mtu mzima, anapita nyumba kwa nyumba, anapiga hodi, anaingia, anakaa, na anamtaja mwalikwa kwa jina lake na la baba yake: Bi Fulani binti Fulani, unaalikwa siku kadha, baada ya sala kadha. Asiyetajwa jina hakualikwa, na akitokea atakula, lakini atakula huku akitazamwa. Ila watu wa nyumbani, yaani akina Masouda, hawatajwi. Hao wanaazimwa. "Bi Sayyida, tumekuja kukuazima Masouda wako Alhamisi." Kama wanavyoazima sinia kubwa la pilau. Tofauti ni kwamba sinia hurudishwa limeoshwa. Masouda alirudishwa amechoka.

Kwa miaka minne aliimba kila harusi ya watu wa Zanzibar waliokuwapo. Harusi za wanawake huwa baada ya alasiri, ndani ya ua, na bibi harusi hatoki chumbani mpaka aimbiwe wa kumtoa. Wimbo wa kumtoa ulikuwa, bila shaka, *Karafuu ni za bwana*. Mabibi walifuta machozi. Walikumbuka mashamba yao. Aliyekuwa akichuma kwa vidole vile alikuwa mbele yao, na hakuna aliyemkumbuka yeye. Baada ya hapo Bi Sayyida alisifiwa: "Masouda wako ana sauti, mashallah." Bi Sayyida aliinamisha macho kwa unyenyekevu, kama aliyeimba.

Ijumaa moja moja Masouda alipewa ruhusa kwenda Darsait kwa Bakhita, mwanamke aliyetoka shamba moja naye, mshonaji wa kofia. Darsait ya wakati huo ilikuwa vibanda vya makuti na vumbi. Bakhita alikuwa na mpwa wake, Ishaq, fundi umeme kwenye kambi ya mafuta, kijana mwembamba mwenye nywele nyingi kuliko inavyompasa mtu anayetafuta mchumba. Ishaq alikuwa na gitaa la umeme aliloachiwa na Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Alilichomeka kwenye spika, spika kwenye betri ya Land Rover, na rafiki yake Marhoon akapiga pipa tupu la mafuta. Ngoma mitaani zilikuwa marufuku, lakini Darsait ilikuwa nyuma ya mlima na askari nao walikuwa wavivu kupanda.

Ijumaa moja ya mwaka 1968 Masouda alikaa kwa Bakhita akisikiliza, mikono imemganda magotini.

"Hii ndiyo nini?" akauliza.

"Roki, mama," Ishaq akajibu kutoka upande wa pili wa ua.

"Roki ndiyo vipi?"

"Ndiyo mtu kuimba kama aliyekanyagwa kidole."

"Ala! Hiyo nnaijua tangu shamba. Ila nilikuwa nikiambiwa nipunguze sauti."

Bakhita akatundika shuka la maua katikati ya ua, wanaume huku, wanawake kule, akakaa mlangoni na kofia yake ya kushona kama kadhi. Kwa hivyo, mabwana, hata roki ya Darsait ilikuwa na pazia. Aliyetaka kuona haramu ilimbidi aje na ngazi yake.

Masouda akaimba wimbo ule ule. Neno halikubadilishwa hata moja. Ila safari hii hakubembeleza mtu. "Karafuu ni za bwana" aliitamka kama anayesoma shitaka, gitaa likamjibu kwa mngurumo, pipa la Marhoon likapiga mhuri, na alipofika kwenye "kidonda nivae mie" alipaza sauti iliyokuwa imekaa kifuani mwake tangu yuko juu ya mti. Bakhita alijidunga sindano. Ishaq alisahau kupiga.

"Mama," akasema baadaye, "tuirekodi."

Kambini kulikuwa na mashine ya tepu. Ikaazimwa, ikaja, ikarudi, na wimbo ukabaki. Ishaq alitoa nakala kwa mtu mmoja, mtu akampa mkewe, mke akampa shoga yake, na katika muda wa Ramadhani moja tepu ya Masouda ilikuwa imeingia majumba ambayo Masouda mwenyewe aliyaingia kwa mlango wa jikoni.

Kisha likaja baraza. Nyumbani kwa Bi Sayyida, baada ya alasiri, kahawa na halwa, mabibi kumi na kitu wamekaa kumhukumu mtu aliyekuwa jikoni akiwachemshia hiyo kahawa. Mwenyekiti, kwa kujiteua, alikuwa Bi Nasriya, mjane mnene aliyejua haramu zote isipokuwa zake.

"Gitaa ni la kishetani," alisema Bi Nasriya.

"Na udi wa nyuzi je, khalti?" akauliza Hind. Alikuwa na miaka kumi na sita, na ulimi wa arobaini.

"Udi ni wetu."

"Fidla?"

"Fidla ilipigwa harusini kwa mama yangu, Mungu amrehemu."

"Basi gitaa lina kosa gani? Si ubao na nyuzi?"

"Lina waya."

"Hata redio yako ina waya."

"Redio yangu inatoa Qur'ani, we mtoto!"

"Na Qur'ani ikimalizika?"

"Huizima."

Walicheka wote mpaka vikombe vikalia, maana kila mmoja mle ndani alijua kuwa redio ya Bi Nasriya huzimwa pale tu betri zinapokufa.

Lakini Bi Sayyida hakucheka. Alikuwa ameisikia ile tepu jana yake kwa shemeji yake. Akasema taratibu, "Waya si kitu. Anamtukana baba yangu."

"Kumtukana vipi?"

"Hamkusikia? Ati marashi avae bibi, kidonda nivae mie. Bibi ni nani? Si mimi? Kidonda cha nani? Nani alimtia kidonda?"

Na hapa ndipo damu inapomchemka mtu. Miaka minne! Miaka minne wanatoa mabinti zao chumbani kwa maneno hayo hayo, wanalia, wanajipepea, wanasema mashallah, na hakuna hata mmoja aliyepata kusikia kilichoimbwa. Ilibidi lije gitaa kuwazibua masikio.

"Mama," Hind akasema, "ndio ule ule wa kutolea maharusi. Hajaongeza neno."

"Basi alikuwa akinitukana siku zote."

Akamwita. Masouda akaja na birika mkononi.

"We Masouda, kuanzia leo huendi Darsait. Na sauti yako huitoi nje ya nyumba hii ila mtu aje aniombe mimi."

"Kwa nini, Bibi?"

"Sauti hiyo imelelewa kwa chakula changu."

"Na chakula kilipikwa na nani?"

Bi Nasriya akasema astaghfirullah. Masouda aliweka birika chini, kwenye zulia, si kwenye sinia, likaacha duara jeusi ambalo halikutoka. Akaingia chumbani kwake, akafunga nguo zake kwenye shuka, akambusu Hind kichwani, akatoka mchana kweupe kwa mlango wa mbele. Alikuwa hajawahi kuutumia. Komeo lilimtatiza kidogo.

Alihamia kwa Bakhita. Na majumba yakamfungia. Hakuna aliyemwazima tena, kwa kuwa Bi Sayyida hakukubali, na hakuna aliyemwalika, kwa kuwa haikuwahi kumpitia mtu akilini. Harusi zikaimbwa na wasichana wasiojua kughani wala kupandisha sauti. Yeye akashona kofia pamoja na Bakhita, na Ijumaa akaimba nyuma ya shuka, na tepu zake zikazidi kuenea, na watu wale wale waliokuwa wakimsikiliza kwa mlango uliofungwa walimpita sokoni Matrah bila salamu. Waliogopa asije akawasalimia kwa sauti.

"Hawa watu," Bakhita alikuwa akisema, "wanakula utamu wa muwa na kumtemea mate mkulima."

"Waache," Masouda akajibu. "Nnataka kitu kimoja tu kwao. Waje hapa, wapige hodi, waniite jina langu."

"Hilo tu?"

"Hilo ndilo kubwa, Bakhita. Pilau wangelinipa kesho."

Mwaka 1970 akaingia Sultani mpya, mambo yakageuka. Milango ya mji ikaacha kufungwa usiku, miwani ya jua ikaruhusiwa, watu wetu wakaanza kuja kwa makundi, na ikatangazwa kuwa Oman hakuna mtumwa. Bi Sayyida aliposikia hilo alishangaa kwa moyo safi kabisa. "Kwani walikuwapo?" akauliza.

Mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, Hind akaposwa, na siku ikapangwa: Alhamisi, baada ya alasiri. Hind akamwambia mama yake neno moja. "Anitoe Masouda."

Bi Sayyida alisita siku mbili, kisha akakubali kama anayesamehe. Akamtuma Ghanim, mpwa wake, aliyekuwa na gari jipya na akitafuta sababu ya kuonekana nalo. Ghanim alisimama nje ya ua wa Bakhita bila kuzima injini.

"Masouda! Khalti anakuazima Alhamisi!"

"Mwambie aazime sinia," Masouda akajibu kutoka ndani. "Mie nna kazi."

Jumatatu akaja Bi Nasriya mwenyewe, akihema.

"Harusi Alhamisi, nadhani wajua."

"Muscat nzima yajua, Bi Nasriya."

"Basi uje."

"Nani aje?"

"Wewe."

"Mie nani?"

Bi Nasriya alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake marefu hakikutoka kitu. Hakuwa amekataa kusema jina la baba yake Masouda. Hakulijua. Miaka sita anamsikiliza, anamtuma maji, anamhukumu, na hakujua kama mwanamke yule ana baba.

Jumanne usiku Hind akamaliza maneno. "Mama, sitoki chumbani. Mlete kadhi, mlete Sultani, sitoki. Yule mwanamke alinilalia chini ya kitanda risasi zikilia, na wewe ulikuwa umekwenda kwa jirani. Hukuwahi kumwambia hata ahsante. Nenda kamwalike."

Bi Sayyida akaenda Jumatano asubuhi. Aliacha gari mbali, akatembea, buibui limejaa vumbi. Akapiga hodi kwenye mlango wa makuti.

"Karibu, Bi Sayyida. Pita, ukae."

Akakaa kwenye mkeka. Macho yake yakazunguka: cherehani, shuka la maua, spika ya Ishaq kwenye pembe. Bakhita akaleta kahawa, akaenda kukaa mlangoni, akaishika kofia yake lakini sindano haikusogea.

"Hind anakutaka," Bi Sayyida akasema.

"Hind nnampenda kama niliyemzaa."

"Basi?"

"Basi sijaalikwa."

"Masouda, we, usinifanyie hivi. Nimekuja kwa miguu yangu."

"Nimeona. Na nnashukuru. Wageni wangu wote huja kwa miguu."

Bi Sayyida akanywa kahawa yote, chini mpaka kwenye masimbi. Kisha akasema akiutazama ukuta, si Masouda, kwa sauti ya mtu anayetoa jino:

"Bi Masouda binti Mabruk. Unaalikwa harusini kwa mwanangu Hind, kesho, baada ya alasiri."

Alilijua jina la baba. Alilijua miaka yote hiyo. Hilo ndilo lililomtoa Masouda machozi, na ndilo linalonitia mie hasira mpaka leo: kumbe halikuwa gumu, lilikuwa limefichwa tu.

"Ahsante," Masouda akasema. "Tutakuja, inshallah. Mie na Bakhita."

Sasa angalia kosa alilofanya Bi Sayyida, kosa ambalo watu wa nyumba ile tu ndio wangelifanya. Kwake yeye Masouda kuja na Masouda kuimba ni kitu kimoja. Hakusema neno juu ya kuimba. Nani huliuliza birika kama litamimina?

Alhamisi Masouda aliingia kwa mlango wa mbele, amevaa kanga mpya na udi umefukizwa mpaka kwenye kope. Akakaribishwa, akaonyeshwa zulia, akakaa katikati ya mabibi, kitako sawasawa, miguu ameikunja. Kahawa ikaletwa, akapokea. Halwa ikaja, akala. Akamuuliza Bi Nasriya habari za miguu yake. Bi Nasriya, masikini, akamjibu.

Wakati ukafika. Wakamtazama. Akaendelea kula.

Bi Sayyida akainama, akanong'ona, "Haya, anza."

"Nianze nini?"

"Hind yuko mlangoni, Masouda. Umtoe."

"Mie nimealikwa," Masouda akasema, si kwa kunong'ona. "Mwalikwa hupangiwa kazi?"

Ua mzima ukasikia. Nyuma ya mlango ikasikika sauti ya Hind akicheka, akicheka kwa raha, mpaka wasimamizi wake wakamwambia wanja utamwagika.

"Basi nitokeje?" akapaza sauti kutoka ndani. "Imbeni nyie!"

Wakatazamana. Wasichana hawakuzijua nyimbo za kumtoa. Waliojua walikuwa wao wenyewe, mabibi, na walijua mmoja tu. Bi Nasriya ndiye aliyeanza, kwa sauti kama mlango wenye kutu. *Karafuu ni za bwana.* Wengine wakafuata, na wallahi, hawakuufuata kwa mbembelezo wa zamani. Waliuimba kwa mwendo wa tepu. Walizizoea tepu mno, hawakuujua tena mwendo mwingine. Kuna aliyekuwa akipiga goti lake hasa pale pipa la Marhoon linapopiga. Walipofika mstari wa pili wakakumbuka kinachofuata. Sauti zikapungua moja moja. Nani atakayesema kidonda nivae mie, akiwa na dhahabu mpaka kwenye viwiko, mbele ya mwenye kidonda? Wakaimba kwa kumung'unya, macho chini, na Hind akatoka katikati ya manung'uniko hayo, mrembo kupita kiasi, akapita mbele ya mama yake, akamwendea Masouda, akamwinamia, akambusu mkono. Masouda akamfuta wanja uliomwagika kwa ncha ya kanga yake.

Hakuimba siku ile. Alikaa mpaka karibu na magharibi, akala pilau pamoja na wenziwe kwenye sinia moja, akaaga. Mlangoni Bi Sayyida akamshika mkono.

"Umenifedhehesha."

"Nimekula, nimeshiba, nimeshukuru. Mgeni hufanya nini zaidi?"

Jumamosi mama mmoja mtu mzima alifika Darsait, akapiga hodi, akakaa mkekani, akataja jina kamili, na akaongeza, kwa woga kidogo, kwamba kama Bi Masouda ataona vyema, na kama hao vijana wake wa magitaa watakaa nyuma ya pazia, bibi harusi angependa atolewe naye.

"Alhamisi ipi?" Masouda akauliza.

"Ijayo."

Masouda akaweka kofia chini. Akafikiri kwa muda mrefu, muda mrefu mno, kwa raha ya mtu ambaye hajawahi kupewa nafasi ya kufikiri.

"Hiyo siwezi," akasema. "Njoo na nyingine."